Uzi: Yule babu kwenye picha ya dukani si mungu wao. Ni guru, na kazi yake ni hii

#1 Karani Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Miaka saba nilikuwa karani kwenye duka la vitambaa la Mhindu mmoja kule Kisutu, Dar. Nyuma ya meza ya hesabu palikuwa na picha kubwa ya mzee mwenye miwani, nguo za rangi ya machungwa, kavishwa taji la maua ya plastiki. Kila asubuhi, kabla hatujatoa majora nje, tajiri wangu aliwasha udi chini ya ile picha, akafumba macho kidogo, ndipo akafungua droo ya pesa. Wateja walikuwa wananivuta pembeni: "Eti huyo babu ndiye mungu wao?" Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa najibu ndiyo.

Lilikuwa jibu la uvivu. Siku moja tajiri akanisikia. Hakukasirika. Alizaliwa Unguja yule mzee, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Akasema, "Huyo si Mungu, kijana wangu. Huyo ndiye aliyenishika mkono." Tangu hapo duka likikosa wateja namuuliza maswali, mengine nikawa nayasoma mwenyewe usiku. Naleta nilichoelewa. Dini yangu ninayo, kwa hiyo asije mtu kuniuliza nimeingia lini ubaniani.

Kwanza neno lenyewe. Sisi tumelichukua "guru" tukampa yeyote anayejua sana kitu: guru wa uchumi, guru wa mapenzi, guru wa kubeti. Kwa Kisanskriti maana yake ya asili ni "mzito". Walimu wao wa zamani waliongeza maelezo mengine, kwamba "gu" ni giza na "ru" ni kinacholiondoa, na hayo ndiyo utakayoyasikia kwa kila mtu. Mimi nabaki na ile ya uzito. Mtu mzito hapeperushwi, na ukimwegemea haendi chini na wewe.

Sasa, kwa watu wa njia ya bhakti, yaani kumpenda Mungu na kumtumikia, mwalimu hayupo ili akupe habari. Habari zimo vitabuni. Katika Chandogya Upanishad, mojawapo ya maandiko yao ya kale, kuna mfano wa mtu aliyetekwa kutoka nchi ya Gandhara, akafungwa kitambaa machoni, akatupwa porini. Anapiga kelele mashariki, kaskazini, kusini. Anatokea mtu, anamfungua kitambaa, anamwambia: Gandhara iko upande ule, nenda. Basi anauliza kijiji hiki, anauliza kijiji kile, mpaka anafika kwao. Mwangalieni yule mfunguaji. Hakumbeba. Hakumwambia "baki kwangu". Alionyesha upande, safari akaenda mwenyewe.

Nani anafaa kumfungua mwenzake? Mundaka Upanishad inataka mambo mawili: awe ameyapokea maandiko na kuyajua, na awe yeye mwenyewe amezama humo anamotaka kukupeleka. Mwenye la kwanza bila la pili ni kabati la vitabu. Mwenye la pili bila la kwanza huenda ni mtakatifu kweli, lakini hana maneno ya kukuelekeza.

Na mwanafunzi naye ana yake. Bhagavad Gita, kitabu ambamo Mungu Krishna anazungumza na shujaa Arjuna, sura ya 4 aya ya 34, inamtaka afanye matatu: ainame, aulize, atumikie. Ninyi mnaojiandaa kuandika "hawa wanasujudia binadamu", naomba mlione lile la katikati. Kuuliza. Arjuna mwenyewe, baada ya kutamka kwamba yeye ni mwanafunzi wa Krishna, anahoji sura baada ya sura, na kitabu kina sura 18. Hakuna mahali anaambiwa anyamaze.

Halafu kuna Kabir, mfumaji wa nguo wa Varanasi, karne ya 15. Beti yake kila Mhindu anaijua: guru na Mungu wamesimama mbele yangu wote wawili, niguse miguu ya nani kwanza? Anachagua ya guru, kwa sababu guru ndiye aliyemwonyesha Mungu. Watu wanaishia kwenye ule uchaguzi, wanasema mnaona, guru kampita Mungu. Someni sababu aliyoitoa. Heshima yote imeninginia kwenye kule kuonyesha. Akiacha kuonyesha, imeninginia wapi?

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Kandambili

Naweka kambi hapa. Ila mkuu umezunguka sana. Jibu fupi: wanamwabudu au hawamwabudu?

#3 Karani Mstaafu

Fupi halipo, Kandambili. Wahindu si kanisa moja lenye makao makuu.

Kuna ubeti maarufu unaosema guru ndiye miungu yao mikuu, ndiye Brahma, ndiye Vishnu, ndiye Shiva, na wapo wanaouchukua kama ulivyo. Wafuasi wa Krishna wanaotokana na Chaitanya wa Bengali (1486–1534) wanasema guru apewe heshima kama ya Mungu kwa kuwa ni mjumbe wake, lakini mjumbe hawi mfalme. Kwao kumwita guru Mungu ni kosa zito. Watu wa tajiri wangu, Waswaminarayan wa jumuiya iitwayo BAPS, wanaamini Mungu anakaa kikamilifu ndani ya guru aliye hai, na guru yule anabaki mtumishi wa Mungu milele.

Huyo wa kwenye picha yetu alikuwa Pramukh Swami. Mkipita katikati ya mji Dar, upande huo huo wa Kisutu, kuna mtaa una jina lake. Wengi wanadhani Pramukh ni jina la kuzaliwa. Ni cheo, maana yake mwenyekiti. Mwaka 1950, akiwa na miaka 28, guru wake alimfanya mwenyekiti wa jumuiya nzima, wazee wakiwa wamekaa pale. Wafuasi wanasimulia kwamba siku ile ile, sherehe ilipokwisha, walimtafuta mwenyekiti wao mpya wakamkuta anasugua vyombo. Tajiri wangu alinisimulia hiyo hadithi si chini ya mara kumi. Miujiza hakunisimulia hata mmoja, vyombo tu.

#4 Bint Tanga

Kaka Karani, shukran. Sisi tuliolelewa jirani na zawiya hili si geni. Sheikh wa tarika ana silsila: kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mnyororo unapanda hadi juu. Akitokea mtu anafundisha na hana silsila, wazee wanamuuliza, "Wewe nani kakupa ijaza?" Kwao lipo hilo?

#5 Karani Mstaafu

Dada, lipo vile vile, linaitwa parampara, mmoja baada ya mwingine. Wapenzi wa Vishnu wanahesabu minyororo minne mikubwa, mmojawapo ni wa Ramanuja wa kusini ya India. Ukipokelewa unanong'onezwa mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, na katika minyororo mingi unavishwa shingoni shanga ndogo za mti wa tulsi, jamaa ya mrehani wetu. Tajiri wangu alikuwa nazo nyuzi mbili, hata akioga havui.

Ila mnyororo una ugomvi wake, na ugomvi huo tunao hapa hapa kwetu bila kujua. Swali ni hili: mnyororo upite kwenye damu au kwenye sifa?

Sahajanand Swami (1781–1830), aliyeanzisha hiyo dini ya Swaminarayan kule Gujarat, mwaka 1826 aligawa uongozi mara mbili, Ahmedabad na Vadtal, akawapa wana wa ndugu zake aliokuwa amewaasili. Kuanzia hapo kiti kinarithiwa ndani ya ukoo. Baadaye Shastriji Maharaj akajitenga na Vadtal, na mwaka 1907 akaanzisha jumuiya yake, akishikilia kwamba ukoo unaweza kurithi mahekalu na mashamba, lakini anayekufikisha kwa Mungu lazima awe mtakatifu aliye hai, na huyo hatambuliwi kwa baba yake. Hiyo ndiyo BAPS. Guru wao wa baadaye, Yogiji Maharaj, alikuja Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1955, na hekalu lao kubwa la Nairobi likafunguliwa 1999. Wakutchi, yaani Wahindi wenye asili ya Kutch, wengi wa Nairobi na Mombasa wamebaki upande wa ukoo, nao wana mahekalu yao. Kwa hiyo ukiona mahekalu mawili ya Swaminarayan mji mmoja usidhani ni matawi. Ni majibu mawili.

#6 Mlokole wa Mbagala

Mimi naona mnazunguka. Huku kwetu nabii anauza maji, mafuta, na stika za kubandika kwenye gari. Ukimhoji unaambiwa usimguse mpakwa mafuta. Guru ana tofauti gani na huyo? Si ni walewale tu, lugha imebadilika?

#7 Karani Mstaafu

Mlokole, swali zuri, na Wahindu wenyewe walishalipeleka mahakamani, miaka 160 na zaidi iliyopita.

Vaa miwani, hii ni ndefu.

Kuna njia iliyoanzishwa na Vallabhacharya (1479–1531), ya kumtumikia Krishna kama mtoto wa nyumbani: unamwamsha, unampikia, unamlaza. Nzuri mno. Mfuasi anaweka wakfu kwa Krishna vitu vitatu, mwili, akili na mali, kupitia kwa guru. Na magurú wao wanatoka ukoo wa Vallabha peke yake, wanaitwa Maharaj. Matajiri wa Bombay wa zama zile, Wabhatia na Wabania, walikuwa humo. Wabhatia hawa ni watu tunaowajua pwani. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa ikikusanya ushuru wa forodha Unguja tangu enzi za Seyyid Said, ilikuwa ya Wabhatia wa Kutch.

Guru hapo ni bomba tu la kupitishia. Sasa bomba likianza kunywa maji yenyewe, hiyo ndiyo kesi. Mwandishi wa habari kijana, Karsandas Mulji, mwenyewe mzaliwa wa jamii hiyo hiyo ya waumini, aliandika mwaka 1860 katika gazeti lake la Kigujarati, Satya Prakash, kwamba baadhi ya Maharaj wanakichukua kile cha "mwili" kama haki yao wenyewe, kwa wake na mabinti wa wafuasi. Maharaj mmoja, Jadunathji, akamshitaki kwa kumchafulia jina, anadai rupia 50,000. Wazee wa Kibhatia wakataka kuwafunga watu wao midomo wasitoe ushahidi, nao wakaishia kushitakiwa kwa kula njama. Kesi kubwa ikasikilizwa 1862. Daktari Bhau Daji akapanda kizimbani akasema alimtibu Maharaj yule kaswende. Mwezi Aprili Karsandas akashinda.

Linalonivutia mimi ni namna alivyopiga. Hakusema dini ni upuuzi. Alisema haya hayamo katika dini ya kale. Alimshika guru kwa kipimo cha guru.

Na usidhani yaliishia 1862. Asaram, aliyekuwa na wafuasi wengi mno India, alihukumiwa kifungo cha maisha mahakamani Jodhpur mwezi Aprili 2018 kwa kumbaka binti mdogo. Kwa hiyo sikuambii magurú wote ni vyombo na sabuni.

Tofauti unayoiuliza ni hii: mapokeo yenyewe yanakuamuru upime. Wana msemo wa mtaani, maji kunywa baada ya kuchuja, guru chukua baada ya kumjua. Na mfano wao mkubwa ni Ramakrishna wa Dakshineswar, karibu na Kolkata, na kijana Narendranath, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Vivekananda. Ramakrishna alikuwa akisema hawezi kugusa fedha. Narendra akangoja mzee ametoka, akaweka rupia chini ya godoro lake, kimya kimya. Mzee akarudi, akakaa, akaruka kama kachomwa. Godoro likakaguliwa, rupia ikaonekana. Alipojua nani kafanya hakumfukuza, alifurahi, akataka ajaribiwe vile mvunja fedha anavyogonga sarafu kusikia mlio wake.

Mweke nabii wako wa stika rupia chini ya godoro uone kama ataruka.

#8 Kandambili

Ataruka kuelekea godoroni 😂😂

#9 Msafiri 254

Niko Nairobi. Wale wa Hare Krishna wako hapa Ngara, na msinicheke, nilianza kuenda Jumapili kwa sababu ya chakula. Nikabaki kusikiliza. Naongeza kidogo.

Guru wao Prabhupada alikutana na guru wake Kolkata mwaka 1922, akaambiwa apeleke mafundisho haya kwa wanaosoma Kiingereza. Aliondoka lini? 1965, kwa meli ya mizigo, miaka 69, ameshapata mshtuko wa moyo njiani kabla hajafika Amerika. Miaka arobaini na tatu mtu amebeba agizo moja. Mimi boss wangu akiniambia kitu Ijumaa, Jumatatu nimesahau. Halafu 1971 akaja Nairobi, na aliwasukuma vijana wake watoke nje ya jamii ya Wahindi wawafikie Waafrika. Ndiyo maana mtu kama mimi alifunguliwa mlango.

Lakini nisifiche. Alifariki 1977. Wanafunzi 11 wakagawana dunia kwa kanda, kila mmoja guru wa kanda yake, anakalia kiti cha juu. Kadhaa wakaanguka vibaya. Katikati ya miaka ya 80 wale waumini wengine wakaasi, ule mfumo wa kanda ukavunjwa. Siku hizi mtu mpya haharakishwi: anaimba mizunguko 16 ya shanga kila siku, shanga 108 kwa mzunguko, kwa muda mrefu, huku anawaangalia walimu tofauti tofauti, ndipo anachagua. Mzee mmoja pale hekaluni aliniambia, "Usiangalie anavyohubiri. Kaa karibu umwone akikasirika."

#10 Bint Tanga

Hilo la mwisho nimelihifadhi. Sasa guru akianguka, yule mwanafunzi aliyekula kiapo anafanyaje? Maana kwetu murid mbele ya sheikh huambiwa awe kama maiti mbele ya mwoshaji.

#11 Karani Mstaafu

Dada, na wao lugha kama hiyo ya kujitupa wanayo. Lakini mlango wa kutokea upo, na umeandikwa.

Katika Mahabharata, utenzi wao mkubwa wa kale, Parashurama anamwamuru mwanafunzi wake Bhishma amwoe Amba. Bhishma ameapa kutooa. Guru anakasirika, anamtaka vitani. Hapo Bhishma anamjibu kwa kanuni ya kale: guru aliyejaa majivuno, asiyejua la kufanya na la kuacha, aliyepotoka njia, anaruhusiwa kuachwa. Halafu wakapigana siku nyingi. Katika Bhagavata Purana, andiko lao jingine, mfalme Bali anamkaidi guru wake Shukra, kwa sababu guru anamkataza kumpa Mungu alichomwahidi, hatua tatu za ardhi. Bali akatoa. Akapoteza ufalme wote, na leo waumini wanamhesabu yeye kuwa ndiye mkubwa. Shukra wanamtaja kama guru aliyesimama mlangoni akazuia.

Kuna na uasi wa aina nyingine, na huu ndio kipenzi changu. Ramanuja alitaka mantra ya silabi nane kwa mwalimu wa Tirukoshtiyur. Inasimuliwa alirudishwa nyumbani mara 17, ya 18 akapewa, kwa sharti asimwambie mtu, akisema ataingia motoni. Akatoka pale akapanda mnara wa hekalu, akawaita watu wa kila tabaka, akaitangaza kwa sauti. Guru akaja juu. Ramanuja akasema, kama hawa wote wataokoka na mimi niende motoni, bei ni nafuu. Guru akamkumbatia, akakiri kwamba mwanafunzi amempita.

Fikiria guru wa bandia angejibu nini pale. Siri ndiyo biashara yake.

#12 Msafiri 254

Na yule kijana wa kidole gumba? Nilimuona kwenye tamthilia ya Kihindi, nilikasirika wiki nzima.

#13 Karani Mstaafu

Ekalavya. Sina jibu la kukupoza. Drona, mwalimu wa upinde wa wana wa wafalme, alimkataa kwa kuwa ni mtoto wa watu wa msituni, kijana akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akajifunza upinde mbele yake mpaka akawashinda wana wa wafalme. Drona akaja kudai ada ya ualimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Akakikata. Wapo wanaomsifu kwa utii. Tajiri wangu, muumini kweli kweli, alikuwa akifika hapo anatikisa kichwa na kusema, "Pale mwanafunzi alikuwa mzuri. Mwalimu alikuwa mbaya." Wahindu wengi wa tabaka za chini leo wanaisoma hivyo hivyo, na kwa hasira.

Na ukiona umechoka na magurú wenye miguu, Bhagavata Purana hiyo hiyo ina mzururaji mmoja aliyetaja walimu wake 24: ardhi, upepo, bahari, njiwa, nyuki, buibui, mtengeneza mishale aliyezama kwenye kazi hata msafara wa mfalme ukampita asiuone, na kahaba Pingala aliyengoja mteja usiku kucha, asije, akalala usingizi mtamu wa mtu aliyeacha kungoja. Hakuna hata mmoja aliyemchangisha.

#14 Mlokole wa Mbagala

Nimesoma yote. Sijabadili dini lakini nimepata maswali ya kumuuliza mchungaji wangu. Ila Karani, hujasema: tajiri wako alimpima lini huyo guru wake? Au aliikuta picha ukutani?

#15 Karani Mstaafu

Nilimuuliza. Ilikuwa mwaka wa mwisho, tunafunga hesabu, mvua kubwa nje, mtaa wote maji.

Alikaa kimya nikadhani nimevuka mpaka. Halafu akasema, "Baba yangu ndiye aliyempima. Alikaa na wale masadhu, watawa wetu, akawapikia, akawachunguza miaka, ndipo akavaa shanga. Mimi nilivalishwa nikiwa mtoto. Nimerithi, kama duka."

Nikamwambia, lakini mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba damu haitoshi.

Akacheka. Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati. "Ndiyo maana nilikuwa najibu maswali yako yote," akasema. "Ulidhani nakufundisha wewe?"

Kisha akaniambia nishushe shata kabla maji hayajaingia kwenye majora ya chini.